Akiba ya Taa Isiyowaka

Februari 24, 2025, malori ya Kaunti ya Nairobi yalimwaga taka nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Shirika hilo lilikuwa limekata umeme katika ofisi za kaunti likidai zaidi ya shilingi bilioni 3 za bili zilizolimbikizwa. Kaunti nayo ikasema mdaiwa ni Kenya Power, tena shilingi bilioni 4.9, ikiwa ni ada ya kupitisha nguzo na nyaya katika ardhi ya jiji. Wananchi walicheka, wengine wakaziba pua, taka zikazolewa, habari ikapita.

Kwa anayefuatilia mjadala wa taa za barabarani, tukio lile lilikuwa na uzito kuliko kichekesho chake. Miji mingi ya Afrika Mashariki imeanza kuondoa taa za sodiamu, zile zenye mwanga wa rangi ya chungwa, na kufunga za LED. Hoja inayotangulizwa kila mahali ni ile ile: umeme unaotumika utapungua kwa nusu au zaidi, na fedha itakayookolewa italipia mradi. Fedha hiyo inaokolewa kwenye bili. Sasa jiji ambalo halilipi bili, au linalobishana na shirika la umeme nani anamdai nani, litaokoa nini, na litamlipa nini aliyekopesha?

Tuanze na taa yenyewe, maana hapo ubishi umekwisha. Taa ya sodiamu huwaka kwa kupitisha umeme ndani ya mvuke wa metali. Inahitaji balasti na kiwashio, inachukua dakika kadhaa kufikia mwanga wake kamili, na umeme ukikatika na kurudi papo hapo inagoma hadi ipoe. Hutoa mwanga pande zote, kwa hiyo sehemu ya mwanga huo hupotea ndani ya kasha kabla haujafika barabarani. Balbu yake hudumu saa kama 24,000. Na rangi haziaminiki chini yake: gari jekundu na la kahawia ni mamoja, jambo ambalo shahidi yeyote wa ajali ya usiku analijua.

LED hutoa mwanga upande mmoja, huwaka papo hapo, huweza kupunguzwa nguvu bila madhara, na kwa kila wati hutoa mwanga mwingi zaidi unaofika chini. Ilichelewa kuingia mitaani kwa sababu ya rangi ya bluu. LED nyekundu na za kijani zilikuwapo tangu zamani, lakini mwanga mweupe ulisubiri Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kufanikisha LED ya bluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe ya barabarani ni LED ya bluu iliyofunikwa utando wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano, na macho yetu huona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Utando huo nitaurudia, kwa sababu umeleta balaa zake.

Hesabu ya nguzo moja ni rahisi. Chukua taa ya sodiamu ya wati 250 katika barabara kuu ya Dar es Salaam. Ukijumlisha balasti, inavuta kama wati 280. Huku karibu na ikweta usiku wetu hauna kiangazi wala kipupwe, ni saa 12 takriban mwaka mzima, kwa hiyo taa inawaka saa 4,380 kwa mwaka. Hizo ni uniti 1,226. Kwa shilingi 292 za Tanzania kwa uniti, bei ya matumizi ya kawaida iliyopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mwaka 2016, ni kama shilingi 358,000 kabla ya kodi na tozo. LED ya wati 120 mahali pale pale itatumia uniti 526, yaani shilingi 153,000 na kitu. Tofauti ni shilingi laki mbili na ushei kwa nguzo moja kwa mwaka. Jiji lenye nguzo 10,000 za namna hiyo litaokoa shilingi bilioni mbili.

Hesabu hiyo imeficha sharti moja, kwamba taa ya zamani ilikuwa inawaka. Tuseme kati ya zile nguzo 10,000, nguzo 4,000 zimekufa: balbu imeungua, waya umekatwa, au gari liligonga nguzo na hakuna aliyerudi kuisimamisha. Matumizi ya zamani hayakuwa uniti milioni 12.3 tena, yalikuwa milioni 7.4. Ukifunga LED kwenye nguzo zote na zote zikawaka, utatumia milioni 5.3. Akiba uliyoahidiwa ya uniti milioni 7 imebaki milioni 2.1. Na zikiwa zimekufa taa sita katika kila kumi, hali ambayo kwa baadhi ya mitaa yetu haishangazi, bili ya LED itakuwa kubwa kuliko ile ya zamani. Mji umepata mwanga, ni kweli, na mwanga ndio uliokuwa unatafutwa. Lakini mwanga mpya ni huduma mpya yenye gharama mpya, na mkopo uliosainiwa kwa kutegemea akiba utakuja kudai fedha ambayo haikuwahi kuwapo.

Kosa hili hufanywa mapema, katika andiko la mradi. Mshauri anahesabu nguzo, anazidisha kwa wati, anazidisha kwa saa, na kupata matumizi ya sasa. Kutembea usiku mtaa kwa mtaa kuhesabu zinazowaka ni kazi ya wiki kadhaa, haina posho ya kuvutia, na matokeo yake yanapunguza uzuri wa mradi. Haifanywi. Pale ambapo taa hazina mita na shirika la umeme linatoza kwa makadirio ya idadi ya nguzo, mambo yanageuka vingine kabisa: jiji linalipia hata taa iliyokufa, na kubadilisha taa hakutapunguza hata senti mpaka makadirio yapangwe upya kwa makubaliano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya LED, mhasibu wa halmashauri anapaswa kuuliza bili ya sasa inapatikanaje.

Ni miji michache iliyokutana na tatizo la taa zilizokufa kwa ukali kama Detroit, Marekani. Mwaka 2013 mji huo ulipotangaza kufilisika, taa kama asilimia 40 kati ya 88,000 zilikuwa haziwaki. Wezi walikuwa wamenyofoa shaba, mitambo ilikuwa ya miongo mingi iliyopita, na idara ya taa ilikuwa haina fedha wala mafundi wa kutosha. Kilichofanyika pale ni cha kujifunza. Sheria ya jimbo la Michigan ya Desemba 2012 iliruhusu kuundwa kwa mamlaka ya taa iliyojitenga na hazina ya mji, na ikaitengea dola milioni 12.5 kila mwaka kutoka kwenye kodi ya huduma za umeme, gesi na simu. Wadai wa mji uliofilisika hawakuweza kuigusa fedha hiyo. Kwa dhamana yake mamlaka iliuza hatifungani za dola milioni 185, na kufikia Desemba 2016 taa 65,000 za LED zilikuwa zinawaka. Nyaya za shaba zilibadilishwa kuwa za alumini, isiyo na bei ya maana kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Idadi ya taa ilipunguzwa makusudi pia: vichochoro vya nyuma vilizimwa ili barabara ziwashwe. Uamuzi huo ulilalamikiwa, na walalamikaji walikuwa na haki yao, lakini ulikuwa uamuzi wa wazi, wenye ramani na idadi. Na hakuna aliyewadanganya watu wa Detroit kwamba akiba ya umeme ndiyo itakayolipa. Iliyolipa ni kodi.

Los Angeles ilianzia upande wa pili. Taa zake zilikuwa zinawaka, idara ya taa ilikuwa na kumbukumbu ya kila nguzo, na shirika la umeme ni mali ya jiji lenyewe. Mwaka 2009, kwa msaada wa kitaalamu wa taasisi ya Clinton, jiji lilianza kubadilisha taa 140,000 kwa miaka minne. Gharama ilifika kama dola milioni 57. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo kutoka shirika hilo la umeme, uliopangwa kulipwa kwa miaka saba kutokana na akiba. Matumizi yalishuka kwa takriban asilimia 63. Mfano huu ndio unaonukuliwa katika karibu kila semina, na ni halali kunukuliwa, ila jambo lake la maana zaidi hutajwa mara chache. Hawakununua taa zote kwa mkupuo. Walinunua kwa mafungu, na kabla ya kila fungu walijaribu mitaani taa za watengenezaji mbalimbali, wakapima, wakaita zabuni upya. Katika miaka hiyo minne bei ilishuka sana na ubora ukapanda, kwa hiyo kila fungu lilikuwa la nafuu na bora kuliko lililotangulia. Jiji linalosaini mkataba mmoja wa taa zote, na kukata utepe siku moja, limejinyima faida hiyo.

India ilijaribu kwa ukubwa ambao mtu hawezi kuufikiria kirahisi. Baada ya kimbunga Hudhud kuupiga mji wa bandari wa Visakhapatnam mnamo Oktoba 2014, zaidi ya taa 90,000 za barabarani za mji huo zilifungwa upya zikiwa za LED. Januari 2015 ukazinduliwa mpango wa kitaifa. Kampuni ya serikali, EESL, ilinunua taa kwa wingi, ikazifunga kwa mtaji wake, ikaahidi kuzitunza kwa miaka saba. Halmashauri za miji zikakubali kulipa kidogo kidogo kutoka kwenye bili iliyopungua. Taa zaidi ya milioni 13 zilifungwa. Kwa uhandisi ni ushindi mkubwa. Kwa uhasibu mambo yalikwama pale pale ninapopasema: halmashauri nyingi zilichelewa kulipa, madeni yakaielemea kampuni, na matunzo yakalegea katika miji ambayo malipo yalisimama. Bili ilipungua kweli, lakini fedha iliyobaki haikukaa ikingoja mkopeshaji. Ilikwenda kwenye mishahara, kwenye mifereji, kwenye yale yote ambayo halmashauri maskini inadaiwa kila mwisho wa mwezi. Akiba isiyotengewa akaunti yake huliwa, na simlaumu mweka hazina anayeila. Mwenye makosa ni aliyeandika mkataba akidhani bili ikipungua basi kuna mfuko mahali fulani unajaa.

Huku kwetu kuna ugumu mwingine juu ya huo: taa ni ya nani? Jijini Nairobi barabara moja ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), ya pili ni ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), ya tatu ni ya kaunti, na mafundi wanaopanda nguzoni wanaweza kuwa wa Kenya Power. Dar es Salaam barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa zilihamia TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017, na halmashauri za manispaa bado ndizo mwananchi anazozifahamu na kuzilalamikia. Mradi unaofunga taa mara nyingi ni wa taasisi moja, bili inakwenda kwa nyingine, na anayepaswa kutuma fundi balbu ikizimika ni wa tatu. Mfadhili akishaondoka, mkazi wa Tandika au wa Umoja anabaki na nguzo nzuri isiyo na mwenyewe.

Nairobi ilipata kujaribu njia ya kulifunga deni la taa kwenye nguzo yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Adopt-A-Light ya Esther Passaris, ambaye baadaye alikuja kuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi bungeni, iliruhusiwa kutundika matangazo kwenye nguzo za barabarani kwa sharti la kuzirekebisha na kuziwasha. Wazo lilikuwa na akili: tangazo lisiloonekana usiku halina mnunuzi, kwa hiyo mwenye tangazo ana sababu ya kutaka taa iwake. Barabara zilizokuwa giza kwa miaka ziliwaka. Kampuni ikasimamisha pia milingoti mirefu katika mitaa ya mabanda, chanzo cha ile milingoti ambayo serikali iliisambaza baadaye na watu wakaiita mulika mwizi. Udhaifu ulikuwa kwamba hakuna anayelipia tangazo katika kichochoro cha Mathare, hivyo fedha ilifuata barabara za wenye magari, na uhusiano wa kampuni na Baraza la Jiji uliishia katika ugomvi na mahakama. Hata hivyo naiona kuwa mojawapo ya mara chache ambapo mtu aliuliza swali sahihi: nani atapoteza fedha taa hii ikizimika?

Kuna hoja ya tabianchi pia, nayo kwetu haina uzito ule ule ilio nao Poland au Afrika Kusini, kunakochomwa makaa ya mawe. Kenya huzalisha takriban asilimia 90 ya umeme wake kwa jotoardhi, maji, upepo na jua. Usiku wa manane matumizi yakishuka, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Tanzania, iliyopitia mgao mkali mwishoni mwa 2023, ilianza kuwasha mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere mapema 2024, bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115. Kuokoa uniti saa nane za usiku katika nchi hizi hakupunguzi moshi wa maana. Lakini taa za barabarani zinaanza kuwaka saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ule ule kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi, na hicho ndicho kilele cha matumizi ya gridi zetu. Wati zilizookolewa kati ya saa moja na saa nne usiku zina thamani kubwa, kwa sababu zinapunguza mzigo kwenye transfoma zilizozidiwa na haja ya mitambo ya mafuta. Anayetetea LED kwa hoja hiyo atasikilizwa zaidi na mhandisi wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, kuliko anayekuja na hotuba kuhusu barafu ya ncha za dunia.

Sasa nirudi kwenye kasha la taa, maana uimara unaoandikwa kwenye kijitabu una masharti yake. Saa 50,000 zinazotajwa, miaka kumi na moja na kitu kwa usiku wetu, ni muda ambao mwanga wa diodi unatarajiwa kushuka hadi asilimia 70 ya ulivyokuwa mpya. Kinachokufa kwanza kwa kawaida ni kile kisanduku cha elektroniki kinachogeuza umeme wa gridi kuwa umeme wa diodi, ambacho mafundi wanakiita draiva. Balasti ya zamani ilikuwa pande la chuma na shaba. Ilivumilia umeme unaopanda na kushuka. Draiva ina kapasita ndogo zinazochukia joto, na haipendi radi wala umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Mji wenye gridi kama zetu unaonunua taa bila kinga ya kutosha ya mshtuko wa umeme unanunua majuto. Si ajabu madukani kukuta taa iliyoandikwa wati 200 ambayo ukiipima inavuta robo ya hizo, na kasha lake jepesi halina mapezi ya kupoza joto. Taa hiyo ikishinda zabuni kwa sababu ya bei, miaka miwili haimalizi.

Hata wanunuzi wakubwa waliumia. Mwaka 2019 mamlaka ya taa ya Detroit ilimshitaki mtengenezaji mmoja kwa madai kwamba taa kama 20,000 zilikuwa zinafifia na kuungua kabla ya wakati. Miji kadhaa ya Marekani na Kanada ilishangaa kuona taa zake nyeupe zikigeuka zambarau kuanzia miaka ya mwanzo ya 2020: ule utando wa fosfori ulikuwa umebanduka kutoka juu ya diodi, na bluu ikawa inatoka bila kuchujwa. Walioweza kudai fidia ni wale waliokuwa na dhamana ya maandishi na orodha inayoonyesha taa ipi ilifungwa nguzo ipi tarehe ipi. Orodha hiyo haihitaji programu ya mamilioni. Namba iliyopakwa rangi kwenye nguzo na daftari linalojazwa kwa uaminifu vinatosha kuanzia, na mwananchi akipiga simu anasema namba badala ya kusema "ile karibu na duka la Mangi".

Wauzaji hupenda kuongeza mfumo wa kuziongoza taa kwa mbali, zinazojiripoti zenyewe zikizimika. Ni mzuri pale ambapo yupo mtu wa kusoma ripoti na gari lenye ngazi la kumpeleka fundi. Vinginevyo ni njia ya gharama ya kufahamu kile ambacho bodaboda wote wa kituoni wanakijua. Kwanza rekebisha vihisi vya mwanga. Taa zinazowaka saa sita mchana, ambazo hazikosekani Nairobi wala Dar es Salaam, zimeharibikiwa kihisi cha bei ndogo na zinatumia umeme mara mbili. Na kabla jiji halijatundika kamera kwenye nguzo kwa jina la taa janja, lisome yaliyoikuta San Diego: vihisi vilivyofungwa kwa ajili ya takwimu za magari vilikuja kutumiwa na polisi kuangalia watu, wakazi wakapinga, na mwaka 2020 meya akaamuru vizimwe hadi sheria ipatikane.

Taa za sola zimeonekana njia ya mkato kwa sababu zinaruka bili yote. Hakuna mita, hakuna ugomvi wa Stima Plaza. Katika barabara isiyofikiwa na gridi, au mtaa ambao kuchimba mtaro wa kebo ni ghali, zinafaa. Ila bili haikuondoka, imejificha ndani ya betri. Betri inachoka baada ya miaka michache, na siku hiyo halmashauri inatakiwa kutoa kwa mkupuo fedha ambayo ingelipa TANESCO kwa awamu. Vumbi likijaa kwenye paneli, taa inawaka hadi saa tano usiku kisha inazima, na watu wanasema sola ni mbovu. Kisha kuna wizi: betri ina soko katika kila mtaa ambao wakazi wake wanatazama mpira kwa umeme wa jua.

Wizi haujali umri wa taa. Daraja la Mtaa wa Sita la Los Angeles, lililofunguliwa Julai 2022 likiwa na taa za kupendeza, lilibaki gizani baada ya wezi kuchomoa nyaya za shaba zenye urefu wa kilomita nyingi. Jiji lililosifiwa kwa LED likawa na mitaa mizima isiyo na mwanga, taa zikiwa nzima kabisa juu ya nguzo. Kenya, baada ya milingoti ya umeme kuanguka Januari 2022 na nchi kukosa umeme, ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa. Marufuku ile iliwaumiza wengi wasio wezi, lakini ilikuwa na mantiki ya kumfuata mnunuzi. Taa zinalindwa zaidi kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu kuliko chini ya nguzo.

Tumezungumza fedha muda mrefu. Mwanga wenyewe nao una ubora na ubaya. Rangi ya taa hupimwa kwa kelvini: sodiamu ni kama 2,000, LED nyingi za mwanzo zilikuwa 4,000 na kuendelea, nyeupe yenye bluu nyingi. Mwaka 2014 wakazi wa Davis, California, walilalamika hadi mji wao ukazibadilisha kwa zenye mwanga wa njano zaidi, gharama juu ya gharama. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kikashauri miji isizidi kelvini 3,000, kwa sababu bluu nyingi usiku huvuruga usingizi na mng'ao mkali huumiza macho, hasa ya wazee. Sioni wakazi wa Mbagala wakiandamana kwa sababu taa ni nyeupe mno. Baada ya miaka ya giza weupe huonekana kuwa maendeleo. Lakini mng'ao ni hatari halisi kwa dereva wa bodaboda mwenye kioo cha kofia kilichochubuka, anayetoka kwenye mwanga mkali na kuingia kivulini alikosimama mtoto. Taa ya kelvini 3,000 yenye kingo zinazouelekeza mwanga chini haina bei ya kutisha. Inatakiwa tu iandikwe kwenye zabuni.

Viumbe nao wana mahesabu yao. Watu wa Bukoba wanaookota senene chini ya taa msimu ukifika wanajua kuwa taa hazifanani kwa mvuto. LED haina ule mwanga wa urujuanimno uliokuwa mwingi katika taa za zebaki, na wadudu wengi huzifuata kwa uchache zaidi. Hata hivyo utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2021 ulikuta viwavi wa nondo wamepungua kwa asilimia 47 kwenye vichaka vilivyo kando ya taa, na athari ilikuwa kali zaidi chini ya LED nyeupe kuliko chini ya sodiamu. Kwa pwani yetu jambo la haraka zaidi ni kasa. Vifaranga wakitoka mchangani usiku hukimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Watamu na Mafia, ambako kasa bado wanataga, hazipaswi kupewa taa zile zile za barabara ya uwanja wa ndege. Zipo za rangi ya kaharabu zisizo na bluu kabisa.

Kuhusu uhalifu nitakuwa mfupi, kwa kuwa majibu yaliyopo hayakubaliani. Katika jiji la New York mwaka 2016, taa za muda zenye nguvu zilizowekwa kwa bahati nasibu kwenye makazi ya umma zilipunguza uhalifu mkubwa wa nje usiku kwa takriban asilimia 36. Uingereza na Wales, utafiti wa halmashauri 62 uliotoka mwaka 2015 haukuona kwamba kupunguza au kuzima taa kuliongeza uhalifu au ajali. Tofauti inaeleweka: kuwasha palipokuwa na giza na hofu ni kitu kimoja, kupunguza mwanga kwenye barabara tulivu ya kijiji cha Kiingereza ni kitu kingine. Sisi tuko karibu zaidi na hali ya kwanza, na mama anayeuza chapati jioni katika kituo cha daladala hahitaji utafiti kumwambia taa ina faida gani kwake.

Hapo ndipo lilipo pia swali la kupunguza mwanga usiku wa manane, jambo ambalo LED inaliruhusu na ambalo miji ya Ulaya inalifanya kwa kawaida. Ratiba inayokuja ndani ya kifaa kutoka kiwandani mara nyingi hushusha mwanga kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa kudhani mji umelala. Lakini Dar es Salaam malori ya ndizi huingia soko la Mabibo usiku. Wanunuzi wa samaki wanaelekea soko la Feri kabla hapajapambazuka. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wanashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa tisa usiku na mizigo kichwani. Barabara ya Oysterbay inaweza kupunguzwa mwanga hadi nusu kuanzia saa tano na hakuna atakayegundua. Inayotoka Mbezi kwenda mjini haiwezi. Kazi ya kuamua nguzo ipi ishuke saa ngapi ni ya halmashauri, na inaanza kwa kukaa na madalali wa sokoni, madereva na wenyeviti wa mitaa kabla taa hazijaagizwa.